Madebe Matupu kwenye Mwalo wa Kagunga

Tangu nirudi Magomeni mmekuwa mkiniuliza safari ya Kigoma ilikuwaje, nami nimekuwa nikijibu kwa neno moja kisha nageuza mazungumzo. Najua imewashangaza. Mimi si mtu wa neno moja. Mtu aliyeanza kwa kubeba mizigo ya wasafiri bandarini, akajisomesha kwa posta baada ya kazi, akafaulu bila mjomba wala padri wa kumshika mkono, akaenda Baku kwa Warusi na kurudi na diploma ya uchimbaji wa mafuta, mtu huyo ana la kusema, na kwa kawaida nalisema. Katika idara yetu hakuna mwingine mwenye karatasi hiyo. Sioni aibu kulitaja.

Safari hii nayo nitaisema, mara moja tu, kwa maandishi. Habari za likizo na tiketi naziacha. Jueni tu kwamba nilikuwa nakwenda kumwona Kaka Idi, aliyenilea baada ya baba yetu kufa. Yeye ni mvuvi wa dagaa Kagunga, kijiji cha mwisho kabla ya Burundi, ambako hakuna barabara. Unafika kwa maji. Sikuwa nimemwona tangu niende ng'ambo.

Tabora, tukisubiri kichwa cha treni

Hadi Tabora sina malalamiko. Nilikuwa daraja la pili, nimevaa suti niliyoshonewa Baku, na abiria wenzangu walinisikiliza vizuri. Tabora wakatuambia tushuke, kwa sababu kichwa cha treni cha kutupeleka Kigoma kimepelekwa kwingine. Lini kingerudi hakuna aliyejua. Tukakaa jukwaani juu ya mizigo yetu, daraja la pili na la tatu tukichanganyika kama kwenye msiba.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja wa makamo, mchuuzi wa dagaa. Alikuwa ameuza magunia yake Tabora na sasa anarudi na asali. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza natoka ukoo gani. Nilipomtajia akapiga paja.

"Wewe ndiye mdogo wake Idi wa kipe? Yule wa Urusi?"

Kipe, kwa msiojua, ni mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, wavu ukiwa katikati. Wavuvi huwasha karabai juu ya maji, dagaa wakafuata mwanga, wavu ukainuliwa. Kazi hiyo hufanyika wakati wa giza, zile wiki ambazo usiku hauna mwezi. Mbalamwezi ikitoka watu wanapumzika. Mama huyu, aliyejulikana kwa jina la Mama Bahati, alikuwa mtu wa Kagunga. Akanieleza kwamba giza lililopita vipe vingi havikuingia ziwani kabisa. Mafuta ya taa hakuna. Duka la kijiji likipata, kila nyumba inapewa kikombe, na kikombe hakiwashi karabai hata hadi usiku wa manane.

Ilikuwa ile miezi ambayo Waarabu walikuwa wamewanyima mafuta marafiki wa Israeli, bei ikapanda kwa kila mtu, hata sisi ambao hatukuwa na ugomvi nao. Nikaona hapa kuna watu wanaohitaji kueleweshwa, na mwenye elimu hiyo ni mimi.

Mama Bahati alikuwa na kikapu cha maandazi. Nikamwomba ruhusa, nikayapanga juu ya gunia. Andazi kubwa kuliko yote lilikuwa Urusi, nikasema nimesimama kwenye visima vyake mwenyewe, mafuta yakinifika viwikoni. Lililofuata Amerika, ambao wanachimba karibu sawa na Warusi lakini wanakunywa kuliko wanavyochimba. Kisha Saudia, Irani, Venezuela, Kuweiti, Iraki. Libya na Aljeria nikawapa maandazi madogo. Nijeria nikampa zuri, maana ni Mwafrika mwenzetu na anakuja juu. Angola nikampa punje ya karanga, nikaeleza kwamba hata hiyo karanga bado iko mdomoni mwa Mreno. Watu wakajaa. Askari mmoja mstaafu akala Irani wakati tunazungumzia Venezuela, nikalazimika kuweka jingine.

"Na sisi?" akauliza Mama Bahati.

Nikamwonyesha gunia lilipokuwa tupu. Watu wakacheka, ila yeye hakucheka. Akauliza, basi yale machache yanayotufikia yanapitia wapi. Nikamweleza njia yote: meli inaleta mafuta ghafi Dar es Salaam, yanasafishwa Kigamboni, yanamiminwa kwenye mabehewa ya matangi, yanafuata reli hii hii. Na kama kwa makusudi, mabehewa mawili ya matangi yalikuwa yamesimama njia ya pembeni, meusi, yakimeta juani. Nikayanyooshea kidole.

"Yale pale," nikasema. "Mafuta yapo, Mama. Kilichobaki ni kuyafikisha."

Akayatazama mabehewa, akanitazama mimi na suti yangu. Akakusanya nchi zote kwenye kikapu, akanipa Urusi na Amerika nile, akakataa kulipwa.

Nimeyapitia maneno yale mara nyingi. Hakuna nililodanganya, hata nukta. Lakini nilisahau ninaongea na nani. Mchuuzi wa dagaa hana muda wa kujifunza habari za mzigo usiomhusu. Kwao, mtu anayejua mzigo uko wapi, nani anao, umepitia wapi na umesimama njia ipi, mtu huyo ndiye mwenye mzigo. Kwa nini ajue yote hayo kama si wake?

Ujiji, ambako nilikaa mno

Kichwa cha treni kilipatikana kesho yake. Uvinza tukanunua chumvi, Kazuramimba ndizi mbivu, na Kigoma tukafika jua limekwisha kupanda. Mama Bahati nilimwona kwa mbali stesheni, mzigo kichwani, akielekea Kibirizi zinakofunga mashua za kaskazini. Alinipungia mkono kwa heshima kubwa. Nikapenda.

Mimi sikwenda Kibirizi. Nilikwenda Rusimbi, mtaa wa Ujiji, kwa Shangazi Mwamini, nikiwa nimepanga kulala hapo usiku mmoja. Shangazi akapika ugali wa muhogo na samaki wa ziwani, migebuka, iliyokaangwa kwa mawese, nami sikuwa nimeonja mawese tangu niondoke. Majirani wakaja kunitazama. Nikatoa diploma ili waione, na kwa kuwa imeandikwa Kirusi nikalazimika kuisoma yote kwa sauti na kuitafsiri. Mzee mmoja aliuliza kama karatasi ile ukiionyesha kwenye pampu wanakujazia bure. Shangazi akasema hajaelewa kwa nini nilivuka dunia kutafuta mafuta wakati Ujiji yanakanyagwa kwa miguu nyuma ya kila nyumba, na wasichana wanaoyakanyaga wanaimba.

"Hayo ya kula, Shangazi. Yangu ya kuendesha dunia."

"Dunia ya nani? Kula."

Siku ya pili nikaalikwa nyumba nyingine, ya tatu Katubuka, kwa rafiki tuliyebeba mizigo pamoja. Kila mahali kuku, kila mahali maswali, na chai bila sukari kwa sababu nayo ilikuwa imeadimika. Sisemi kwamba sikufurahi. Nilikuwa nimeondoka Ujiji bila viatu. Mtu aliyeondoka hivyo, anaporudi, anahitaji siku kadhaa za kutazamwa. Giza la mwezi ule lilikuwa limeanza. Niliona mbingu bila mwezi, nikazisifu nyota.

Kibirizi hadi Mwamgongo

Nilipokwenda Kibirizi hatimaye, mashua ilikuwepo, nahodha alikuwepo, abiria walikuwepo. Petroli haikuwepo. Tukasubiri siku nzima juu ya mchanga kati ya vitanda vya kuanikia dagaa, ambavyo vilikuwa vitupu, wanawake wamekaa juu yake wakisukana. Kesho yake nahodha akapata galoni chache kwa mtu asiyetaka kutajwa. Tukaondoka.

Injini ilizimika tumeshapita misitu ya sokwe, Mwamgongo haijaonekana. Wote wakanigeukia. Habari zangu zilikuwa zimeshaenea mashuani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimezieneza.

"Bwana Mafuta," akasema mmoja, "hebu piga mbizi. Labda yapo chini hapa."

Nikamjibu kwa makini, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Nikasema kwamba inawezekana kabisa, kwamba bonde lililobeba ziwa hili ni la aina inayohifadhi mafuta, na siku moja watakuja watu na mitambo wapime.

"Siku hiyo tutakuwa tumefika?" akauliza mwingine huku akinipa kafi.

Wakacheka, na mimi nikapiga kafi nimevaa suti. Mikono yangu haikuwa imesahau. Mwamgongo tukafika na jua likizama, tukapewa samaki, kuhe wa kuchoma, tukalala kwa watu. Asubuhi wakatokea wavuvi waliokuwa wanakwenda Kagunga kwa mtumbwi wakanipakia. Mmoja wao, aliposikia jina la kaka yangu, akaniuliza kama mzigo wangu unafuata nyuma. Nikadhani anasema sanduku. Nikamwambia ninalo hili hapa.

Kagunga

Kagunga imebanwa kati ya mlima na ziwa, kwa hiyo mwalo, ufuko wanakotua wavuvi, unauona wote kutoka majini. Niliona watu wengi. Nikadhani kuna mkutano wa chama. Tulipokaribia nikaona kwamba wana madebe. Wanawake walikuwa na madebe, wazee wana chupa zenye vizibo vya gunzi, wavuvi wamekaa juu ya vipe na karabai zao zimefutwa kioo hadi zinang'aa. Foleni ilikuwa imepangwa vizuri, kina mama wajawazito mbele. Na mbele kabisa alisimama Mama Bahati, kama mtu aliyeleta habari na sasa anaona zimekuwa kweli.

Kaka Idi akaingia majini hadi magotini, akanishika mkono, akanikumbatia. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyomweka moyoni. Akatazama ndani ya mtumbwi, nyuma yangu.

Kwetu mgeni aliyetoka mbali haulizwi jambo mpaka amekula chakula cha nyumba. Mwenyeji ndiye mdomo wake. Likiulizwa swali, mwenyeji anajibu. Ni heshima, na ni kumlinda mgeni asiseme neno la uchovu likamgharimu. Kwa hiyo mzee mmoja aliposogea na kuuliza kama mafuta yamefika, hakuniuliza mimi. Alimuuliza Kaka Idi.

Nami sikuelewa bado. Nilikuwa nimesimama natabasamu.

Kaka akamtazama yule mzee, akaitazama foleni.

"Yanakuja," akasema. "Yako nyuma, yanakuja na mashua nyingine."

Watu wakapumua. Wengine wakapiga vigelegele. Wakanipa mkono mmoja mmoja, Shikamoo zikapita pande zote, na waliokuwa karibu wakachukua sanduku langu kwa mikono miwili kama lina mayai.

Nyumbani, Shemeji Zabibu alikuwa amepika. Nilikula. Kaka alikaa mbele yangu akinitazama nikila, na nilipomaliza kunawa akauliza, kwa sauti ya chini, kama mzigo uko Kigoma au umebaki Tabora.

Ndipo nikaelewa. Mama Bahati alikuwa amefika siku kadhaa kabla yangu, akasema amemwona mdogo wake Idi Tabora na matangi mawili ya mafuta, ameyaonyeshwa kwa kidole, na kilichobaki ni kuyafikisha. Kila siku niliyokula kuku Ujiji, watu hawa walikuja mwaloni. Na kuna jambo lingine, ambalo aliyenieleza ni shemeji, kwa sababu kaka hakulitaja. Bwana Bukuru, mfanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka, alikuwa amekuja mwanzoni mwa giza na pipa zima la mafuta ya taa. Alitaka nusu ya dagaa wa msimu. Ni sharti gumu, lakini lingewashia karabai, na wavuvi wa kaka walikuwa tayari. Kaka akamkatalia. Akamwambia mdogo wangu analeta, sina haja. Bukuru akalipeleka pipa lake kijiji kingine.

Nilijitetea. Nilimweleza kaka kwamba mimi sikusema ninayo mafuta, nilisema yapo. Nikaanza tena: Urusi, Amerika, Saudia, meli, Kigamboni. Alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa na tabia hiyo tangu zamani, ya kusikiliza mtu hadi mwisho.

"Kwa hiyo unajua yalipo yote," akasema.

"Najua, Kaka."

"Duniani kote."

"Duniani kote."

Akatikisa kichwa, na naapa kwamba kulikuwa na fahari katika kutikisa kule. Nilimwambia niende mwaloni niwaeleze watu ukweli. Akakataa.

"Nimeshasema mimi, mbele yao, wewe ukiwa hujala. Ukienda kusema sasa, mwongo si wewe. Kaa."

Nikakaa. Hilo ndilo ninalolijutia kuliko maandazi, kuliko kidole, kuliko kuku wa Ujiji. Nilikuwa na akili ya kumwelewa, na nikaona kwamba kumtii kunanifaa.

Siku zilizofuata watu walikuja mwaloni asubuhi, wakatazama kusini, wakarudi. Hakuna aliyenitukana. Walinipa samaki wa kwanza, walinipa kiti chenye mgongo. Wavuvi wa kaka wakaanza kupungua. Leo mmoja amekwenda kwa mjomba, kesho mwingine ana shamba la muhogo mlimani. Kisha mwezi ukatoka juu ya ziwa, mwembamba mwanzoni, na giza likawa limepita bila kipe cha Kaka Idi kulowa.

Bukuru akarudi. Safari hii hakutaka nusu ya dagaa. Alitaka kipe chenyewe na wavu, na kaka abaki kama mvuvi wake wa kulipwa kwa mgawo. Walizungumza wamechuchumaa kivulini mwa mitumbwi, mimi nimekaa kando. Bukuru akanigeukia kwa adabu, akasema amesikia mimi ni msomi wa mafuta, na je, Saudia watafungua lini. Nikamwambia sijui. Ni mara ya kwanza mtu kuniuliza swali la kazi yangu nikajibu sijui. Kaka akampa mkono Bukuru, na mambo yakaisha.

Kurudi

Kigoma nilifanya nililoweza. Nilikwenda kwenye ghala la mafuta, nikaomba kuonana na mkubwa, nikaweka diploma mezani. Alinipa kiti. Aliisoma kadiri alivyoweza, akanirudishia, akasema anaiheshimu sana, kisha akafungua dirisha nione uwanja wake wa mapipa, uliokuwa mtupu hadi kwenye uzio. Yale mabehewa mawili ya Tabora hakuyajua. Huenda yalikwenda Mwanza. Treni ya kurudi haikuchelewa popote, na sikuzungumza na mtu.

Lakini mliniuliza nini kilitokea, nami naona kilitokea kabla ya hapo, siku niliyoondoka Kagunga. Niliondoka kwa mashua ya Bukuru, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa na petroli. Kaka alinibebea sanduku hadi majini. Suti nilikuwa nimemwachia. Akaichukua kwa shukrani, ingawa sijui ataivaa wapi. Alikuwa amekwisha kushika kamba ya kipe, ambacho sasa ni cha mtu mwingine, akikisogeza kupisha mashua.

Mama Bahati alikuwepo mwaloni na debe lake. Akatazama sanduku, akanitazama mimi niliyekwisha kukaa.

"Idi," akasema, "mdogo wako anaondoka, na mafuta hayajaja?"

Kaka hakunitazama. Aliendelea kuvuta kamba.

"Ndiyo anayafuata," akasema.

Uso wa yule mama ukafunguka. Akaingia majini hadi kwenye ubavu wa mashua, akanishika mkono kwa mikono yake miwili yenye magamba ya dagaa, akaniombea kwa Mungu safari njema na njia nyeupe. Injini ilikuwa imewaka, ikabidi apaze sauti.

"Usichelewe, mwanangu. Giza jingine halipo mbali."

Nikamwambia sitachelewa.